Nakala Halali

Miaka mitatu, kila nikiwasha kompyuta,
chini pembeni, kwa herufi za kijivu,
iliniandikia: nakala hii si halali.
Mimi, mweka hazina wa akina mama ishirini na wanane
wauza dagaa wa mwalo wa Kirumba,
ninayehesabu hisa hadi shilingi ya mwisho,
naitwa mwizi na mashine niliyoinunua kwa pesa yangu.
Nikabandika plasta juu ya maneno yale.
Yakaendelea kuwaka kwa chini, kama donda.

Limbu, fundi simu wa Mabatini, alicheka.
Akachomoa flashi mfukoni, nyembamba kama dagaa mkavu:
Mama Mbuke, huu ni mfumo mwingine. Wa bure.
Nikamwambia, mwanangu, bure ni neno lenye mikono miwili.
Bure, hulipi. Bure, hupati.
Nimehangaika bure. Mtu bure kabisa.
Akakuna kichwa. Basi sema huru.
Ukitaka kuona utumbo wake, unapasua unaona.
Ukitaka kumpa jirani, unampa, hakuna kesi.
Nani kautengeneza?
Watu.
Watu gani?
Wengi. Hata mimi siwajui.
Nikatazama mlimani, jiwe limekalia jiwe,
na hakuna aliyewahi kutuletea ankara.

Usiku, umeme uliporudi,
nikajifungia na chupa ya chai.
Kioo cheusi. Mistari ikakimbilia juu
kama dagaa walioona karabai.
Nikashika kifua: nimeua kitu.
Halafu ikatulia, ikauliza lugha.
Nikashuka na mshale, nikapita Kifaransa, nikapita Kireno,
nikakikuta Kiswahili kimejikalia,
nusu kimetafsiriwa, nusu kimeachwa,
kama nyumba ya Buhongwa iliyoishia kwenye lenta.

Ikaomba nywila. Nikaandika, kimya.
Si nyota, si nukta.
Nikabonyeza kwa nguvu, nikapuliza vumbi kwenye vitufe,
nikampigia Limbu saa sita usiku.
Inasikia, Mama. Haionyeshi tu. Andika hivyo hivyo.
Basi nikaandika gizani, herufi baada ya herufi,
kama mtu anayehesabu noti chini ya kanga
watu wakiwa wamemzunguka.
Ikafunguka.

Sisemi ni muujiza.
Printa imenigomea hadi leo.
Mtandao haukushika siku nne,
mpaka nilipoifunga na simu kwa waya, kama mbuzi na kigingi.
Na jedwali la hisa lilihamisha koma,
Nkwimba akaonekana ana milioni arobaini;
tulicheka mkutano mzima,
ila Nkwimba, aliyenyoosha mkono akadai gawio.
Stakabadhi bado naandika kwa peni ya bluu,
karatasi ya kaboni chini yake.

Lakini jana, kabla ya kushuka mwaloni,
niliiwasha, dirisha la chumba likiwa wazi,
ziwa bado lina rangi ya bati.
Nikaitazama ile pembe ya chini.
Plasta ipo, imekauka, imejikunja kingo.
Nikaibandua kwa ukucha, taratibu,
kama unavyombandua mtoto aliyelala.
Chini yake hapakuwa na shtaka.
Saa tu. Ilisema sita na dakika arobaini na nane,
wakati Kirumba nzima inajua
ni kumi na mbili na dakika arobaini na nane.

Hilo nalo, anasema Limbu, mtu anaweza kulibadilisha.
Mtu gani? nikamuuliza.
Akaniangalia.